PS5 kutoka Dubai: binamu ailete, au ningoje GTA VI?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Kisauni, nina PS4 Slim ya GB 500 niliyoinunua mkono wa pili. Binamu yangu anafanya kazi Dubai, anakuja likizo na amesema ataniletea PS5 nikimpa nusu ya pesa. Wenzangu maskani wanasema nisiwe na haraka, ningoje gemu ya GTA VI itoke kwanza. Wengine wanasema PS5 haina gemu, ni zile zile za PS4 zilizopakwa rangi. Mimi mpira wa kwenye padi umenichosha, kila jioni ni mpira tu. Nichukue? Na katika hizi gemu zilizotoka karibuni, zipi zinastahili pesa yangu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, binamu asije akapanda ndege sisi bado tunapiga soga: ichukue, mradi iwe yenye mlango wa diski, na uichukue kwa ajili ya gemu ambazo zimeshatoka. Hiyo GTA VI iweke pembeni kwanza.

Hebu tazama safari yake. Trela ya kwanza tuliiona Desemba 2023, tukaambiwa gemu ni ya 2025. Ikasogezwa hadi 26 Mei 2026. Ikasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026, na hiyo ndiyo tarehe iliyopo ninapoandika haya. Rockstar, watengenezaji wake, siwalaumu. GTA V waliitoa 2013 na inawaingizia pesa hadi leo, sasa haraka ya nini? Lakini wewe usipange matumizi yako kwa kalenda ya mtu mwingine. Hao wenzako wamepatia jambo moja tu: imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 haimo. Kwa hivyo anayeingoja na PS4 mkononi atalazimika kununua mashine hata hivyo, na tofauti yenu itakuwa kwamba wewe utakuwa umecheza gemu nzuri wakati yeye akihesabu miezi.

Na hao wa "PS5 haina gemu"? Miaka miwili ya kwanza walikuwa na haki. Mashine ilitoka Novemba 2020, lakini gemu kubwa za 2022, kama vile Elden Ring, Horizon Forbidden West na God of War Ragnarök, zote zilitoka na toleo la PS4. Mwenye PS5 alipata picha safi zaidi na kungoja muda mfupi zaidi, basi. Mambo yalibadilika kuanzia 2023. Baldur's Gate 3, Tekken 8, Astro Bot, Black Myth: Wukong, Ghost of Yōtei: hakuna hata moja kati ya hizo utakayoicheza kwenye PS4 yako. Mtu anayesema maneno ya 2021 leo hii hajashika padi siku nyingi.

Sasa nikupe ile ambayo, kama ingekuwa moja tu, ningekuambia uianze nayo. Inaitwa Clair Obscur: Expedition 33, imetoka 24 Aprili 2025, na imetengenezwa na Sandfall Interactive, studio changa ya Montpellier, Ufaransa, yenye kiini cha watu kama thelathini. Mkuu wao, Guillaume Broche, alitoka kampuni ya gemu ya Ubisoft. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 50 wakati gemu kubwa nyingi zilikuwa zinauzwa 70. Mwisho wa mwaka ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, ikiwa imeshapita nakala milioni 5. Lakini tuzo si sababu ya kukuambia uicheze.

Hadithi yenyewe iko hivi: kuna mji unaoitwa Lumière, na mbali kule ng'ambo ya bahari kuna mnara mkubwa. Mara moja kwa mwaka mwanamke mchoraji huamka, hufuta namba iliyo kwenye ule mnara na kuandika nyingine, ndogo kwa moja. Kila mtu mwenye umri huo huyeyuka kama moshi. Kila mwaka watu waliobakiza mwaka mmoja hujitolea kwenda kumzuia, na hakuna aliyewahi kufaulu. Wewe unaingia siku ambayo namba inakuwa 33. Nusu saa ya kwanza karibu hupigani na mtu yeyote. Unatembea mjini, watu wamevaa vizuri, wana maua shingoni, wanaagana, wengine wanagombana juu ya fanicha nani aachiwe. Unaelewa taratibu kwamba hii ni kama sherehe na ni msiba. Ni nadra gemu kuniweka kimya namna ile.

Mapigano yake ni ya zamu, na najua kijana aliyelelewa na mpira akisikia "zamu" anapiga miayo. Subiri. Zamu yako unachagua pigo, sawa, lakini zamu ya adui hukai ukitazama. Anapokuja kupiga una nafasi ya kukwepa, au kubonyeza R1 sawasawa na pigo linapotua, ukalizuia. Ukizuia mfululizo wote bila kukosa hata moja, mtu wako anarudisha pigo la kulipiza. Na adui ni wajanja: anainua panga, anasita, anasita tena, ndipo anashusha, na wewe umeshabonyeza mapema. Fumba macho usikilize, nasema kweli, sauti ya pigo husaidia kuliko picha. Ukishaanza kuyasikia mapigo ya adui mmoja, yule aliyekuua mara kumi unampita bila kuguswa. Kijana aliyezoea kupima muda wa kupiga penalti atazoea hili haraka kuliko anavyodhani.

Kasoro? Ramani ndani ya maeneo hakuna, utapotea kwenye msitu mmoja baada ya mwingine. Na theluthi ya mwisho ukitembea sana pembeni kabla ya kumaliza hadithi unakuwa na nguvu kupita kiasi, mapigano makubwa yanaisha kabla hayajaanza. Nenda na hadithi kwanza, mizunguko iwe baadaye.

Ya pili hauhitaji kumngoja binamu. Hollow Knight: Silksong imetoka 4 Septemba 2025 na ipo kwenye PS4 hiyo hiyo uliyonayo, kwa dola 20. Team Cherry, watu wachache sana wa Adelaide, Australia, waliitangaza Februari 2019, wakanyamaza miaka mpaka ikawa mzaha. Siku ilipotoka maduka ya mtandaoni yalielemewa, watu wakashindwa kulipa.

Ni gemu ya kuchorwa kwa mkono, unaitazama kwa ubavu, wewe ni Hornet, mdudu mwenye sindano na uzi. Usidanganyike na uzuri wake. Hii gemu ni kali. Adui wengi wanakukata alama mbili za uhai kwa pigo moja, na hata pigo la kushuka chini, ambalo kwenye gemu ya kwanza lilikwenda wima, hapa linakwenda mshazari, kwa hivyo vidole vyako vitakataa siku za mwanzo. Malalamiko yalikuwa mengi hadi wenyewe wakapunguza ukali wa baadhi ya mapambano ya mwanzo kwenye masahihisho ya kwanza. Nikupe siri moja ya kukuokoa: pesa za kule ni shanga za rozari, na ukifa zinabaki pale ulipofia. Ukikuta mashine ya kuzifunga kwenye uzi, lipa ile ada yake uzifunge. Shanga zilizofungwa hazipotei ukifa. Wachezaji wengi wanaona ile ada ni wizi, halafu wanakwenda kupoteza mia kwenye shimo lenye miiba.

Kama uvumilivu wako ni mdogo, iache. Sikushawishi. Ila kama umewahi kukesha kwenye Elden Ring, unajua ladha ninayoisema.

Ya tatu nakupa kwa sababu wewe ni mtu wa pwani na nina hakika wenzako hawajakutajia. Tales of Kenzera: Zau, 23 Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliiandika baada ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau, mganga chipukizi, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: nikuletee roho kubwa tatu, unirudishie baba. Ana barakoa mbili, ya Jua kwa kupigana karibu na ya Mwezi kwa kurusha kutoka mbali, na unazibadilisha katikati ya pigano, hewani, unavyotaka.

Ingia kwenye mipangilio kabla hujaanza, weka sauti za Kiswahili. Ndiyo, zipo, na si maneno mawili matatu ya kupamba, wanaongea gemu nzima. Niliyemwonyesha kwa mara ya kwanza ni shangazi yangu, asiyejua hata padi inashikwaje, akaketi akasikiliza hadithi hadi mwisho wa sura akaniuliza, "Sasa huyo babake atarudi?" Sitasema ni gemu isiyo na dosari. Adui wake hawana aina nyingi na utaimaliza wikendi moja. Lakini kwa dola 20, mtu wa Mombasa kucheza gemu inayomsemesha kwa lugha yake si jambo la kila mwaka. Hii ni ya PS5, si ya PS4.

Nyingine nizipitie haraka. Astro Bot, ya Septemba 2024, iliyochukua tuzo ya gemu bora ya mwaka ule, ni ya kuruka na kucheka. Inaonyesha padi ya PS5 inafanya nini: ukitembea juu ya mchanga unausikia vidoleni, ukihamia kwenye chuma unakuwa mtetemo mwingine. Mdogo wako ataing'ang'ania. Black Myth: Wukong ya Wachina ina majitu ya kupigana nayo yasiyosahaulika na picha za kustaajabisha, lakini unaona njia wazi mbele yako, unakwenda, unagonga ukuta usioonekana. Inakera. Ghost of Yōtei, Oktoba 2025, ni nzuri, imetulia, na kama umecheza Ghost of Tsushima kwenye PS4 utajua hatua inayofuata kabla haijafika. Ningekuwa wewe ningengoja ishuke bei. Baldur's Gate 3 ni bahari. Usiiguse kama Kiingereza cha kusoma maelezo mengi kinakuchosha, na usiianze kama una mitihani.

Kama mnacheza wawili wawili, usinunue chochote kabla ya It Takes Two. Ni ya 2021, ipo PS4, skrini inagawanyika katikati na haiwezekani kuicheza peke yako: mmoja ana nyundo, mwingine ana misumari, mmoja akizembea wote mmekwama. Ukipata PS5, watengenezaji hao hao wa Sweden walitoa Split Fiction Machi 2025. Mmoja tu ndiye anayenunua, mwenzake aliye nyumbani kwake anapakua kibali cha rafiki bure na mnacheza pamoja.

Kuhusu mpira, umesema umekuchosha, lakini maskani haitakuchoka. Kila mtu hapa bado anaiita FIFA ingawa tangu Septemba 2023 jina ni EA Sports FC. FC 26 ipo PS4 pia, ila toleo hilo limepunguzwa uhai wa mienendo ya wachezaji, kwa hivyo ukinunua kwenye PS4 unalipia orodha mpya ya majina zaidi ya kitu kingine. Kama lengo ni kupigana na wenzako jioni tu, eFootball ya Konami haina bei ya kuanzia, na Street Fighter 6, ambayo nayo ipo PS4, ina mfumo rahisi wa vitufe unaomwezesha mgeni kupiga mapigo makubwa siku ya kwanza. Mkiizoea ile mtapigiana kelele kuliko mpira. Mpira wa mtandaoni, tumia waya kutoka kwenye ruta. Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, ule wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, umetua tangu 2009, lakini seva za gemu nyingi ziko mbali, na Wi-Fi inayopita kuta mbili za matumbawe inakuongezea msiba juu ya msiba.

Turudi kwa binamu. Mwambie haya kwa maneno haya haya, maana muuzaji kule atamsukumia kilichopo. Asichukue Digital Edition, ile isiyo na mlango wa diski, hata ikiwa na punguzo. Asichukue Pro akidhani kubwa ndiyo bora, kwa sababu Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila mlango wa diski, mlango unalipiwa kando. Slim yenye mlango ndiyo yako. Soketi za Dubai ni zile zile za pini tatu bapa kama zetu na umeme wake unaelewana na wa kwetu, hauhitaji adapta yoyote. Diski hazina mipaka ya nchi: ya Dubai, ya London, ya Marekani, zote zitasoma. Na diski zako nyingi za PS4 zitacheza ndani yake, usizigawe.

Kwa nini nashikilia diski hivi? Kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony yenye duka la gemu. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini tu. Ndiyo maana kila mtu unayemjua ana akaunti ya Marekani au Uingereza na ananunua kadi za kuongezea pesa. Inafanya kazi, lakini masharti ya Sony yanataka akaunti iseme ukweli kuhusu unakoishi, kwa hivyo unaingia ukijua. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, na gemu ikaondolewa kwenye mauzo katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, kabla hawajarudi nyuma kuhusu lile sharti. Mwenye diski hana wasiwasi wa namna hiyo. Ukimaliza Wukong unamuuzia mwenzako wa Likoni, unaongeza kidogo, unachukua nyingine. Iliyo kwenye akaunti humuuzii mtu.

Jambo linalowakamata wengi: nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kuifungua, kadi lazima ilingane na nchi hiyo, na nyongeza za gemu lazima zilingane na eneo la diski. Diski ya Marekani haitambui nyongeza uliyoinunua kwa akaunti ya Uingereza. Chagua nchi moja, kaa nayo. Kwa kuwa una ndugu Dubai, na kule huduma ipo, mwombe akupatie kadi za huko na uifungue akaunti ya huko.

Hewa yetu ndiyo adui wa mwisho. Chumvi na unyevu vinakula chuma, na mashine nyingi ninazofungua hapa mjini zina kutu kwenye skrubu za nyuma na vumbi lililogandamana kama ugali baridi kwenye feni. Usiiweke dirishani upande wa upepo wa bahari, usiifunike kitambaa ikiwa inawaka, na yale matundu ya vumbi kwenye PS5, ukivua kifuniko utayaona, yafyonze kwa mashine ya kufyonzea vumbi mara kwa mara. Usiizoeze kulala nusu macho usiku. Izime kabisa, maana stima ikikatika na kurudi kwa kishindo wakati inaandika data, diski ya ndani inaweza kuharibika. Nunua kizuizi cha kweli cha umeme unaopanda ghafla, si soketi refu tu lenye taa nyekundu.

Na hiyo PS4 usiiuze bado. Utapewa pesa kidogo ya kusikitisha, na Silksong itakuwa inakungoja ndani yake huku mdogo wako akiwa na Astro Bot kwenye televisheni kubwa.